Shajara ya vipande 18: kuifuata fosforasi katika udongo mwekundu wa Siaya, misimu miwili ya 2024

Shajara hii inafuata vipande 18 vya mahindi katika shamba moja lenye udongo mwekundu wenye tindikali, kaunti ya Siaya, kuanzia Februari 2024. Tunachotafuta ni kimoja: fosforasi inayotiwa ardhini inaenda wapi, na ipi ndiyo njia ya kuifikisha kwenye mzizi kabla udongo haujaikamata. Vipimo vimeandikwa kwa kipande na kwa shimo ili anayetaka kuiga asilazimike kukisia. Makosa yamepewa nafasi kubwa, maana mengi ni ya aina ambayo yeyote mwenye udongo kama huu atayafanya asipoonywa.

6 Februari 2024: sampuli ya kwanza, na kwa nini ilitupwa

Tulichimba sehemu 15, kina cha sentimita 20, tukachanganya kwenye ndoo safi na kupeleka nusu kilo maabara. Jibu likaja: fosforasi miligramu 14 kwa kilo, kwa kipimo cha Olsen, mbinu ya maabara inayokadiria fosforasi ambayo mmea unaweza kuipata. Namba hiyo haikukubaliana na shamba. Kipimo cha Olsen kikizidi 10 au hivi, mahindi hayapaswi kulia njaa ya fosforasi, na hapa miche hugeuka zambarau kila msimu.

Tuliporudi kukagua mashimo tuligundua kwamba mawili yalikuwa ndani ya gunda, yaani mahame ya boma la zamani kwenye kona ya juu. Jivu la jikoni, mifupa na samadi ya zizi vililala pale miaka mingi. Fosforasi haipai hewani kama naitrojeni, wala maji hayaichuji kwa urahisi kwenda chini, kwa hiyo palipolala ng'ombe zamani bado panasoma juu hadi leo. Mashimo mawili kati ya 15 yalitosha kuharibu wastani wote.

Sampuli ya pili ilichukuliwa nje ya gunda peke yake. Olsen 3, pH 5.1 (kipimo cha tindikali: namba ikishuka tindikali inazidi). Hapo namba na mahindi vikasema lugha moja. Kila sampuli ilitugharimu shilingi 1,500, na ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Ukipima shamba lako, uliza wazee boma lilikuwa wapi kabla hujashika jembe.

13 Februari: hesabu iliyoamua mpango

Kabla ya kugawa vipande tulikaa na karatasi. Chukua hekta moja, udongo wa juu sentimita 20: ni kama tani 2,400. Ukiwa na jumla ya fosforasi miligramu 500 kwa kilo, kiasi cha kawaida tu, hapo pana kilo 1,200 za fosforasi. Sasa tazama iliyo ndani ya maji ya udongo, ambayo ndiyo pekee mzizi unaweza kuinywa. Udongo huo unashika takriban lita 500,000 za maji. Kila lita ikiwa na miligramu 0.05, jumla yake ni gramu 25. Gramu, si kilo. Haijai kikombe cha chai.

Mahindi ya kutoa tani tatu za punje kwa hekta yanahitaji kama kilo 12 za fosforasi, tukihesabu punje na mabua. Kwa hiyo zile gramu 25 lazima zinywewe na kujazwa upya mara 480 katika msimu wa siku 120, yaani mara nne kwa siku. Swali la shamba hili basi linahusu kasi. Akiba ipo, kinachokosekana ni mkono wa kuitoa akibani upesi.

Anayeizuia ni chuma na alumini. Wekundu wa udongo huu ni oksidi za chuma, na kwenye pH ya 5 oksidi hizo pamoja na za alumini huinasa fosfeti, yaani fosforasi katika umbo ambalo mzizi huinywa, kwenye ngozi yake. Mwanzoni inanaswa kwa nje, na inaweza kuachiliwa. Ikikaa huzama ndani zaidi, na kuitoa huwa kazi ya miaka. Tena fosfeti haisafiri: katika msimu mzima hujisogeza milimita chache tu, ndiyo maana vinyweleo vya mizizi na nyuzi za kuvu wanaoishi na mizizi vina thamani kubwa kuliko urefu wa mzizi wenyewe.

24 Februari: vipande na vipimo

Kila kipande ni mita 5 kwa 6. Mistari 8, nafasi ya sentimita 75. Mashimo kila sentimita 50, mbegu mbili kila shimo. Hiyo ni mashimo 80. Aina sita za vipande, kila moja ikirudiwa mara tatu:

A: hakuna kitu.
B: naitrojeni tu, gramu 667 za CAN (mbolea ya naitrojeni), nusu wiki ya tatu na nusu wiki ya sita.
C: CAN kama B, na gramu 300 za TSP, mbolea ya fosforasi inayoyeyuka upesi (kilo 20 za fosforasi kwa hekta).
D: CAN kama B, na kilo 1.4 za mbolea ya Minjingu, unga wa fosfeti ya mawe (kilo 60 za fosforasi kwa hekta, mara moja kwa misimu mitatu).
E: kama D, pamoja na kilo 6 za chokaa ya kilimo kutoka Koru.
F: kilo 30 za majani mabichi ya alizeti pori (tithonia), na gramu 205 za TSP. Hakuna CAN.

Namba za F zinahitaji maelezo. Majani makavu ya alizeti pori yana naitrojeni kama asilimia 3.5 na fosforasi kama 0.37. Tulikausha kilo moja ya majani mabichi na vijitawi laini, zikabaki gramu 170. Kilo 30 mbichi basi ni kilo 5.1 kavu, ambazo zinaleta naitrojeni sawa na ya CAN na fosforasi gramu 19. Fosforasi iliyobaki kufikia gramu 60 tukaifidia kwa TSP. Usitumie shina gumu: halina kitu.

Anayesoma mfuko wa mbolea akumbuke kwamba namba ya kati, kwa mfano 46, ni ya P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni. Zidisha kwa 0.436 upate fosforasi yenyewe. Mfuko wa kilo 50 wa TSP una kilo 10 za fosforasi, si 23.

18 Machi: kupanda

TSP gramu 3.75 kwa kila shimo, funika kwa udongo wa vidole vitatu, kisha mbegu. Kipimo tulichotumia ni kifuniko cha soda kilichopimwa kwanza kwenye mizani na kuwekwa alama ya kalamu. Usiamini kifuniko usichokipima, maana punje za mbolea hutofautiana. Chokaa ya E ilitawanywa na kulimiwa ndani wiki mbili kabla. Majani ya F yalikatwakatwa kwa panga na kufukiwa siku saba kabla.

Minjingu tuliitia shimoni vilevile, gramu 17.5 kila shimo. Hilo lilikuwa kosa, na halikuonekana hadi Aprili.

29 Aprili: zambarau, na unga usioyeyuka

Wiki mbili za kwanza vipande vyote vilifanana. Mche hula fosforasi iliyomo ndani ya mbegu. Ikiisha ndipo udongo unapojibu. Wiki ya nne A na B zilianza kugeuka zambarau kuanzia majani ya chini, ukingoni na kwenye ncha, kwa sababu mmea huihamisha fosforasi kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya. C na F zilikuwa kijani. E ilikuwa zambarau karibu kama B, na D ilichanganyika: mche mmoja kijani, wa pili zambarau, shimo kwa shimo.

Wiki ya sita tuling'oa mimea mitatu ya D kwa jembe, pamoja na bonge la udongo. Tulipolipasua bonge tukakuta Minjingu ikiwa pale pale, kidonge cha unga wa kijivu hafifu ukubwa wa kidole gumba, mkavu katikati, mizizi ikipita pembeni. Juu ya kidonge udongo ulikuwa na rangi yake ile ile nyekundu.

Sababu inajulikana. Minjingu ni fosfeti ya mawe, amana iliyotokana na kinyesi cha ndege na mabaki ya samaki karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1983. Ni miongoni mwa fosfeti za mawe zinazoyeyuka vizuri Afrika, na ina fosforasi kama asilimia 13, lakini inayeyushwa na tindikali ya udongo. Kila chembe lazima iguswe na udongo. Ukiirundika shimoni, chembe za nje zinakula tindikali iliyo karibu, kalsiamu inayotoka inajaa pale pale, na za ndani zinabaki kama zilivyochimbwa.

TSP ni kinyume chake. Hiyo huyeyuka upesi, na kadiri inavyogusa udongo mwingi ndivyo chuma kinavyoinasa. Kwa hiyo TSP ikusanywe shimoni na Minjingu itawanywe. Tulizifanyia zote jambo moja kwa sababu ya mazoea ya mbolea ya kupandia.

Kipande E kilikuwa kosa zito zaidi. Chokaa ilipandisha pH na kuleta kalsiamu, yaani ilivipunguza vitu viwili vinavyoyeyusha Minjingu: tindikali, na nafasi ya kalsiamu kuondoka. Tulimpa jiwe udongo, kisha tukamnyang'anya udongo meno. Mpangilio sahihi ni mmoja kati ya hii miwili: chokaa pamoja na TSP au DAP (mbolea nyingine ya fosforasi inayoyeyuka upesi), au Minjingu kwanza, iachwe iyeyuke angalau msimu mmoja, ndipo chokaa ifuate. Chokaa yenyewe si adui. Kwenye pH ya chini ya 5.5 inaua sumu ya alumini inayokatakata ncha za mizizi.

6 Mei: mvua

Mvua za mwisho wa Aprili zilivunja tuta la juu. Matope kutoka kwenye kipande cha C yalishuka na kutulia kwenye kipande cha A cha mstari wa tatu, na ndani ya siku kumi mahindi ya A pale yakaanza kupata ukijani. Kipande hicho kimetolewa kwenye hesabu.

Ilituuma, lakini ndiyo picha halisi ya jinsi fosforasi inavyotoka shambani. Haiondoki ndani ya maji safi. Inaondoka imepanda mgongoni mwa chembe za udongo, zile laini za juu ambazo ndizo zenye fosforasi nyingi. Shambani inakuwa upungufu, na ikifika mito ya Yala au Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria inalisha mwani na gugu maji. Mfuko mzima unaweza kuondoka kwa usiku mmoja.

Marekebisho: mtaro wa fanya juu kando ya ukingo wa juu, kina sentimita 50, udongo ukitupwa upande wa mlimani na kupandwa matete mistari miwili. Watu watatu, siku mbili, shilingi 2,400. Ungefanywa Februari ungetuokoa.

10 Agosti: mavuno ya masika

Wastani wa punje kavu kwa kipande cha mita za mraba 30:

A: kilo 3.1 (vipande viwili)
B: kilo 4.0
C: kilo 9.6
D: kilo 6.2
E: kilo 4.9
F: kilo 10.8

Ni shamba moja na msimu mmoja. Msomaji asizigeuze kuwa namba za nchi. B inaonyesha kwamba CAN bila fosforasi ni pesa inayolala. E iliipita B kidogo, na hiyo tunaihesabu kuwa kazi ya chokaa juu ya alumini.

Kuhusu F tulikuwa tayari kuandika kwamba alizeti pori imeongeza nguvu ya fosforasi. Mmoja wetu akauliza: potasiamu je? Majani hayo yana potasiamu kama asilimia 4, kwa hiyo F ilipata gramu 200 na zaidi za potasiamu ambazo C haikupata. Ulinganisho haukuwa wa haki. Msimu wa pili B, C, D na E zinapewa gramu 420 za potashi (mbolea ya potasiamu) kila kipande.

24 Agosti: maabara ya pili

Tulipeleka sampuli za B, C na D. Maabara ya safari hii ilitumia mbinu nyingine, Mehlich 3, na D ikasoma juu mno, mara kadhaa ya C. Tungeamini namba hiyo tungesema D imeshiba, ilhali mahindi yake yalikuwa yamevuna theluthi mbili ya C.

Mehlich 3 ni kimiminiko chenye asidi. Kikikutana na chembe za Minjingu ambazo hazijayeyuka, kinaziyeyusha chenyewe ndani ya chupa na kuzihesabu kana kwamba mmea ungezipata. Bray, mbinu nyingine ya asidi, nayo ina tatizo hilo. Olsen hutumia baikaboneti yenye pH 8.5, na haiyeyushi jiwe. Tulirudia sampuli zote tatu kwa Olsen, na D ikashuka chini ya C. Kipimo kilirudiwa kwa shilingi 4,500. Shamba likishatiwa fosfeti ya mawe, ulizia mbinu ya maabara kabla ya kulipa, na usiweke namba ya mbinu moja kwenye jedwali la mbinu nyingine: Mehlich 3 ya 15 si Olsen ya 15.

7 Septemba: kupanda vuli

Mashimo ya D na E yalifumuliwa kwa jembe, vidonge vikapondwa na kusambazwa kipande kizima hadi kina cha sentimita 15. Siku ya upepo usifanye hivyo: lowanisha unga kwanza kwa udongo mbichi. Hakuna Minjingu mpya iliyoongezwa. Kila kipande cha C kiligawanywa nusu mbili. Nusu moja ilipata TSP tena, gramu 150, na nyingine iliachwa ionyeshe mabaki ya masika. F kama mwanzo.

15 Oktoba: mabua yaliyofukiwa

Kipande cha pili cha C kilirudi zambarau, hata upande wenye TSP mpya. Tulipouliza tukajua kwamba wakati wa kusafisha shamba mabua ya mahindi yalifukiwa ndani yake, wiki moja kabla ya kupanda.

Bua kavu lina kaboni nyingi na fosforasi kidogo. Bakteria na kuvu wanaolila wanahitaji fosforasi kujenga miili yao, na isipokuwemo ndani ya bua wanaichota kwenye maji ya udongo, ambako mche nao unachota. Kaboni ikizidi fosforasi mara 300 wanaifungia fosforasi miilini mwao. Ikiwa chini ya mara 200 wanaiachilia. Alizeti pori iko upande wa kuachilia, bua liko mbali sana upande wa kufunga. Fosforasi haikupotea, kwani viumbe hao wakifa itarudi, lakini mche hauwezi kuwasubiri wafe. Mabua yawekwe juu kama matandazo au yapitie kwenye mboji kwanza. Kipande hicho tumekihesabu kando.

Zaidi ya hapo, wiki mbili za jua mwanzoni mwa mwezi zilirudisha zambarau hafifu hata kwenye F. Udongo ukikauka, utando wa maji kati ya chembe unakatika na fosfeti inakosa njia. Mvua iliporejea majani mapya yalitoka kijani bila kuongezwa chochote. Usikimbilie dukani kabla ya kushika udongo mkononi na kuusikia kama una unyevu.

11 Januari 2025: mavuno ya vuli na gharama

B kilo 3.4, D kilo 7.1, E kilo 5.0, F kilo 8.4. C, ikihesabiwa kwa kipande kizima: upande wenye TSP mpya kilo 8.0, upande wa mabaki kilo 5.2. Pengo kati ya C na F limepungua baada ya potashi, kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindi wa masika ilikuwa ya potasiamu. D imesogea karibu na C bila kuongezwa hata gramu moja ya fosforasi. Kutawanya kumefanya kazi ambayo mbolea zaidi isingeifanya. Upande wa mabaki wa C unaonyesha kwamba fosforasi iliyonaswa msimu uliopita haijazikwa kabisa, inarudi polepole, ila si kwa kasi ya kuyatosha mahindi.

Maabara imekula shilingi 12,000 kwa jumla, kuliko mbolea zote zikiwekwa pamoja. TSP ya misimu yote miwili haikufika kilo tatu. Gharama iliyofichika ni ya alizeti pori: kukata, kubeba na kufukia kwa vipande vitatu kulimaliza siku nzima ya mtu mmoja, shilingi 400. Kwa ekari moja ni tani nne mbichi na siku 45 za kazi, shilingi 18,000. Kwa mahindi hailipi, hata kama majani yenyewe ni ya bure kwenye ua. Kwa kitalu cha sukuma wiki cha mita chache kando ya ua huo huo, inalipa.

Mpango wa Machi 2025: nusu ya kila kipande cha E itapata TSP shimoni, gramu 150, ili chokaa iliyomo itumike na mbolea inayoifaa. Mbaazi zitapandwa katikati ya mistari ya D, kwa kuwa mizizi yake hutoa asidi inayoweza kubandua fosfeti kutoka kwenye chuma. Sampuli zote zitapimwa kwa Olsen, na gunda linapimwa peke yake.